Nyumba ya Kuba Nyekundu

Miongoni mwa miji ya ng'ambo ambayo wazee wa mwambao wetu waliijua kwa macho kabla ya kuisoma vitabuni, Bombay, ambayo leo huitwa Mumbai, haikuwa na mshindani. Majahazi yaliyosukumwa na kusi yalitia nanga huko, yakangoja kaskazi kurejea na nguo na mbao za msaji, na huko ndiko alikohamishiwa Sayyid Barghash kati ya mwaka 1859 na 1861, kabla hajakalia kiti cha Unguja na kuijenga Beit al-Ajaib juu ya nguzo za chuma.

Chuma kilikuwa fahari ya zama zile. Hoteli ya Watson, iliyosimamishwa Bombay kuanzia mwaka 1867 hata 1869, mifupa yake ilisubiwa Uingereza ikaja vipande vipande kwa marikebu. Na humo, mwezi wa Julai 1896, zilionyeshwa sinema za ndugu Lumière, zikatazamwa na Wazungu peke yao, maana wenyeji wa nchi hawakukaribishwa.

Husimuliwa kwamba Jamsetji Tata, tajiri wa Kiparsi, alirudishwa mlangoni hapo, akaapa kujenga iliyo bora zaidi. Hekaya hii ni tamu, nami naishuku kwa ajili ya utamu wake: mwenye hasira hujenga kwa pupa, lakini Tata alizunguka dunia akichagua, nguzo za ukumbi kutoka Paris, lifti kutoka Ujerumani, mapanka kutoka Marekani, hata hoteli yake ya Taj Mahal ilipofunguliwa tarehe 16 Desemba 1903, kwa wageni 17 tu, ikawaka taa za umeme. Mlango wake ulipima mfuko badala ya ngozi. Badiliko hilo halikumfaa kitu hamali wa bandarini, ila kwa wenye nafasi wa Kihindi lilikuwa jambo kubwa.

Uzushi mwingine wadai kuwa msanifu alijiua alipoona jengo limegeuzwa mgongo kuelekea bahari. La hasha! Sitaram Khanderao Vaidya, aliyeianza kazi, alifariki kabla haijakamilika, akaimaliza Mwingereza W. A. Chambers; na mlango ulielekezwa mjini kwa makusudi, ambako magari ya farasi yalitokea. Mahali pa mlango huo leo pana bwawa la kuogelea.

Atakaye kuujua usanifu wake asimame chini ya ngazi kuu, ainue macho: ngazi hupanda chini ya kuba, na kila ghorofa ina ushoroba uliozungushiwa ukingo wa chuma cha nakshi, hewa na nuru vikishuka katikati. Kwa nje, kuba nyekundu na vibaraza vyake vimechanganya Uhindi, Uarabu na Ulaya bila ya haya, wala sioni kasoro, kwani ndivyo ulivyo mji wenyewe.

Lango la India lililo mbele ya hoteli, ambalo wageni hudhani ni kongwe kuliko hoteli, lilizinduliwa mwaka 1924. Mnara uliopachikwa ubavuni mwa hoteli katika miaka ya 1970 una vyumba vingi, lakini ungalisimama mji wowote. Bawa la kale liliungua katika mashambulio ya Novemba 2008, yaliyoua watu wengi humo. Mafundi wakalitengeneza upya, likapokea wageni tena Agosti 2010. Watson, iliyoacha kuwa hoteli zamani, imechakaa mno.