Unga wa Msasa

Jiwe la kunolea halina mjadala: ni kinoo, na mtu wa Gulwe, wilayani Mpwapwa, hahitaji kamusi kumweleza. Tatizo linaanza kisu kikishatoka kwenye kinoo. Yatazame makali yake kwa hadubini, utaona msumeno mdogo, na kando yake uzi mwembamba wa chuma uliojikunja. Ukipitisha kidole taratibu kutoka ubapani kwenda nje, upande mmoja unateleza na mwingine unakwaruza. Unaokwaruza ndio wenye uzi. Kwa sababu yake kisu kilichonolewa asubuhi kinachuna mbuzi wa kwanza vizuri, wa pili hakipati tena. Uzi umelala.

Wa kuuondoa ni ukanda wa ngozi uliopakwa madini yaliyosagwa laini mno. Vinyozi wa zamani, kabla ya viwembe vya kutupa, walikuwa nao ukining'inia karibu na kiti. Ukanda wa kunolea: jina hilo linatosha. Unga wake ndio hauna jina.

Sokoni ungeitwa dawa, kama dawa ya viatu au dawa ya mbu. Jina hilo linaficha kazi, maana hapa hakuna kinachotibiwa wala kuyeyushwa. Poda inanukia mtoto aliyetoka kuogeshwa. Unga wa kung'arishia unakaribia, ila mng'ao ni nyongeza tu. Anayetaka kisu king'ae akisugue kwa jivu. Na ukisema unga, basi, pale kijiweni, watu watakutazama kwa jicho jingine kabisa.

Nachagua unga wa msasa. Msasa ni mti kwanza, wa jamii ya mtini, wenye majani ya kukwaruza ambayo maseremala waliyatumia kulainishia mbao. Karatasi ya dukani ilipokuja ikarithi jina, na leo wengi hawajui kwamba kuna mti. Kama jani limeweza kuiachia karatasi jina, karatasi nayo iuachie unga, kwani kazi ni ileile: chembe ngumu kukwangua kilicho laini kuliko zenyewe. Unga wa kijani, oksidi ya kromi, una ugumu wa 8 hadi 8.5 kwenye kipimo cha Mohs, ambacho almasi ndiyo 10. Chuma cha kisu hucheza kwenye 6. Chembe nyingi za unga huo hazifiki hata maikroni moja, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Unga mwekundu ni oksidi ya chuma, ndugu wa kutu, na ni mpole zaidi.

Ngozi haikosekani katika wilaya ya Mpwapwa, iliyowapa jina hata ng'ombe wa Mpwapwa. Lakini iliyowambwa juani haifai, ni ngumu na inajipinda. Tafuta iliyolainishwa kwa magome ya miti, au mkanda mkuukuu wa suruali, mradi uwe ngozi kweli, kisha uubandike kwenye ubao ulionyooka. Dondoshea tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani. Ya kupikia yataoza. Nyunyiza unga kidogo, ule unaobaki kwenye ncha ya kidole, usugue mpaka ngozi igeuke rangi bila kubaki mabonge. Wengi huharibia hapo. Unga ukiwa mwingi kisu kinazama ndani yake, na makali yanaviringika badala ya kunyooka.

Pitisha kisu mgongo ukitangulia, kwa mkono mwepesi, kikilala karibu kabisa na ngozi. Yakitangulia makali, utachana ukanda. Mistari myeusi ikianza kuonekana ni chuma kinachotoka, endelea. Usichanganye unga wa aina mbili kwenye ukanda mmoja, kwa kuwa chembe nene zitafuta kazi ya zile laini.

Unapounyunyiza usiuvute puani, na kisu kioshwe kabla hakijagusa nyama.