Utafiti ukisema 65%, Mitwero imehesabiwa wapi?

Uchaguzi ukikaribia, asilimia zinaanza kuruka kwenye magrupu ya WhatsApp. Huyu ana 65%, yule 25%. Mkazi wa Mitwero, mkoani Lindi, anauliza: mbona huku hatujaulizwa?

Utafiti wa maoni si zile kura za maoni za vyama za kupata wagombea. Hapa wanachaguliwa watu wachache kwa bahati nasibu, wanaulizwa wangempigia nani, kisha majibu yao yanachukuliwa kama picha ya nchi nzima.

Mfano mzuri ni 2015. Mwezi Septemba, Twaweza kupitia Sauti za Wananchi ilimpa John Magufuli wa CCM 65% na Edward Lowassa wa Chadema, mgombea wa Ukawa, 25%. Walihojiwa kwa simu watu 1,848 wa Tanzania Bara. Zanzibar haikuwemo. Ipsos nao wakaja na 62% kwa 31%. Wapinzani wakakataa.

Matokeo rasmi ya Oktoba: Magufuli 58.46%, Lowassa 39.97%. Mshindi alitajwa sawa, lakini pengo la pointi 40 likashuka hadi kama 18. Hapo si kukosea kidogo.

Tatizo halikuwa kukosa simu, maana waliochaguliwa walipewa simu na chaja ya sola. Ila wengi walichaguliwa tangu 2012, na maswali yaliulizwa wakati kampeni ndiyo kwanza zinaanza. Halafu kuna woga: ukipigiwa na mtu usiyemjua akakuuliza siasa, unaweza kumjibu la kumridhisha tu.

Sasa njoo Lindi. Gawa watu 1,848 kwa mikoa 25 ya Bara ya wakati ule, unapata kama 74 kila mkoa. Kwa idadi hiyo jibu linaweza kupotoka kwa pointi 11 juu au chini. Kwa hiyo ile 65% ilikuwa ya taifa, haikusema lolote la uhakika kuhusu pwani hii. Na kweli, CUF ikabeba Kilwa Kusini, Kilwa Kaskazini na Mchinga, huku Lindi Mjini ikitoka CUF kwenda CCM.

Asilimia zinauma pia. Julai 2018 Twaweza ilitoa utafiti ulioonyesha kukubalika kwa Rais Magufuli kumeshuka kutoka 96% mwaka 2016 hadi 55%. Siku chache baadaye COSTECH ikaitaka ijieleze kuhusu kibali, na pasi ya kusafiria ya mkurugenzi wake, Aidan Eyakuze, ikashikiliwa. Mjadala ukahamia kwenye kibali, swali la kwa nini wananchi wamebadilika likabaki pembeni.

Ukitumiwa asilimia leo, angalia nani kauliza, lini, watu wangapi, wa wapi, na nani kalipia. Kura ya kubofya kwenye grupu haina hata kimoja kati ya hivyo. Wanajibu waliomo tu, hata wakiwa elfu kumi.