Kibarua Kilianza Kama Karatasi

Kuna kitu nilimwambia mamangu nikiwa mwaka wa pili kampasi, na mpaka leo sijajisamehe. Zimebaki siku nne mtihani uanze, na bila kumaliza karo hupewi kadi ya mtihani. Mama ameketi na daftari lake anapiga hesabu, anafuta, anapiga tena. Nikamwambia, "Shida yako mama, hujui kupanga pesa." Hakujibu. Alifunga daftari akaenda kuanika nguo za watu.

Ule mtihani sikuufanya, na chuo sikurudi. Lakini wasee, sijakuja hapa kulilia chuo. Nimekuja kwa sababu ya lile neno, kupanga. Nimekaa nikisoma historia ya mji wangu (mtu akiacha chuo anapata muda mwingi sana wa kusoma) na nimeona vile nilikosea.

Anza na neno kibarua. Siku hizi ni kazi yoyote ile, ukifutwa tunasema kibarua kimeota nyasi. Lakini kibarua ni barua ndogo tu. Kikaratasi. Hapa pwani, karne ya 19, mtu wa kazi ya siku alipewa kikaratasi cha kuonyesha amefanya kazi, na wengi wa watu hao walikuwa watumwa ambao mabwana zao waliwakodisha kwa siku. Wewe unabeba, bwana anachukua fungu lake. Mwaka wa 1907 utumwa ukaondolewa kisheria, lakini kazi ya siku ikabaki na jina lake. Meli ikitia nanga Kilindini, kuna pesa. Isipokuja, unarudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa sikiza vile watu walijipanga. Wengi wa wale vibarua wa bandarini, hasa Wamijikenda, walikuwa na mashamba yao si mbali na mji. Mvua ikinyesha, mtu yuko kwao analima. Akihitaji pesa ya kodi au nguo, anakuja bandarini siku kadhaa, anabeba, anaondoka. Mfuko mmoja mjini, mwingine shambani. Wakubwa wa serikali ya mkoloni walikasirika sana na hiyo tabia, wakawaita wavivu. Mtu anateremsha magunia melini kwa mgongo wake, halafu ati mvivu!

Na huo mfuko wa shambani ndio uliwafanya matajiri walipe kidogo. Ujira wa mjini ulipigiwa hesabu ya mwanamume mmoja, kama hana mke wala mtoto. Familia? Itakula huko kijijini. Haya si maneno yangu ya kutafuta views. Mwaka wa 1954 kamati ya serikali yenyewe, chini ya Carpenter, ilikubali kwamba mishahara ilikuwa imepangwa hivyo. Yaani mwanamke aliyekuwa analima mahindi na muhogo ndiye alikuwa anamalizia mshahara ambao kampuni ilikataa kulipa. Bure.

Kabla ya hiyo ripoti, watu walikuwa wameshachoka. Januari 1947 Mombasa ilisimama kama siku kumi na mbili. Watu wa bandari, reli, mahoteli, mpaka wapishi wa majumbani, karibu 15,000 hivi. Walikuwa wakikutana kwenye uwanja wa mpira wakaupa jina Kiwanja cha Maskini. Kiongozi wao akawa Chege Kibachia, na mwaka huo huo serikali ikamkamata ikampeleka kifungoni Kabarnet. Mwaka wa 1954 vibarua wa bandari waliandikishwa rasmi, na ukikosa kufika siku za kutosha unatolewa kwenye orodha. Waliobaki walipata uhakika kidogo. Wengine wakatafuta riziki kwingine, na huko kwingine ndiko sisi wengi tumezaliwa.

Mwaka wa 1972 wataalamu wa shirika la kazi duniani, ILO, walikuja Kenya kuchunguza ukosefu wa kazi. Walichoandika ni kwamba shida kubwa haikuwa watu kukaa bure. Watu walikuwa wanafanya kazi, tena ngumu, ila haiwalipi.

Wangeweza kumuuliza mamangu. Asubuhi anauza mahamri na mbaazi. Jumatatu na Alhamisi anafua nyumba mbili: moja inalipa papo hapo, nyingine inalipa "nikipata". Mafuta ya kupikia ananunua ya kupima. Nilikuwa namcheka, namwambia lita nzima ni nafuu, hesabu ni rahisi. Hesabu yake ilikuwa nyingine: akinunua lita leo, kesho hana pesa ya unga wa mahamri, na bila unga kesho kutwa hana chochote. Dukani kuna deni lake ambalo halimalizi hata akiwa na pesa, analipa nusu ili mlango ubaki wazi. Halafu chama cha wanawake kumi, kila wiki mmoja anapokea.

Pesa zake zote zilikuja kwa siku na kwa wiki. Chuo kilitaka elfu nyingi, mara moja, tarehe moja. Zamu yake ya chama ilikuwa wiki tano baada ya mtihani, na hangeweza kuomba abadilishiwe, kwa sababu alikuwa ameshabadilishana muhula wa kwanza ili nisajiliwe. Hilo nililijua mwaka jana tu, tena kutoka kwa mama mwingine wa chama. Yeye mwenyewe hakuwahi kulitaja.

Leo mimi na-edit video za watu. Tajiri anasema malipo ni baada ya siku sitini, zikifika sitini anasema fedha za ofisi zimechelewa. Nina daftari pia, liko kwenye simu. Duka la mayai linanijua.

Juzi mama alinipigia. "Mwanangu, kibarua kimelipa?"

"Bado, mama."

Baada ya dakika mbili simu ikalia. M-Pesa, mia tatu. Najua ameiandika kwenye daftari, na mimi nimeiandika kwa langu.