Gitaa la Dola 150: Chombo cha Bei Nafuu Kilichopewa Kiti cha Kinanda

Na Katibu wa Kwaya



Kamati ya Jubilii iliponipa kurasa hizi, iliniomba niandike historia ya vyombo vya muziki katika kwaya yetu. Nilianza kwa kupekua vitabu vya kumbukumbu za mikutano, vile ambavyo makatibu walionitangulia waliviandika kwa mkono. Nilichokuta ni swali moja linalojirudia mwaka baada ya mwaka: "Bei gani?" Tulipotaka ngoma ya pili tuliuliza bei. Tulipotaka gitaa tukauliza bei. Tulipofikia kinanda, tuliuliza bei na tukaahirisha, tukauliza tena na tukaahirisha tena.

Nimeona basi niwasimulie habari za kanisa jingine, mbali na hapa, lililouliza swali hilohilo likapata jibu ambalo halikutarajiwa na mtu. Vijana wetu ndio walionionyesha. Siku moja baada ya mazoezi waliniita nitazame kwenye simu ibada ya Wamarekani Weusi. Mbele ya madhabahu aliketi mtu na gitaa lililolazwa kama meza, akiteleza kipande cha chuma juu ya nyuzi, na gitaa likawa linaimba kama mama anayeomba. Niliuliza kama walivyouliza wazee wetu: chombo hiki ni bei gani?

Lilikotoka

Gitaa hili lilianzia Visiwa vya Hawaii. Mwishoni mwa miaka ya 1880, mwanafunzi mmoja wa shule ya Kamehameha, jina lake Joseph Kekuku, alianza kuteleza kipande cha chuma juu ya nyuzi za gitaa badala ya kuzibana kwa vidole. Sauti ikawa haikatiki kutoka noti moja hadi nyingine, bali inapanda na kushuka kama sauti ya mwanadamu. Mwaka 1915, kwenye maonyesho makubwa ya San Francisco, Wamarekani wengi walisikia muziki wa Hawaii wakaupenda mno. Muda si muda kila mji ulikuwa na mwalimu wa gitaa la Hawaii. Kampuni ya Oahu, ya Cleveland, iliuza masomo na magitaa pamoja, na mzazi wa kipato kidogo aliweza kumlipia mtoto wake kidogo kidogo kila wiki. Sisi tunaojua chama cha akina mama na mchango wa kila Jumapili tunaelewa mpango kama huo.

Sauti hiyo ilifika hata kwetu. Katika sahani za santuri za mwimbaji Jimmie Rodgers, baadhi zilipigwa kwa gitaa la Hawaii. Santuri zake zilifika nchi ya Wakipsigis, na mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alirekodi Kapkatet wasichana wakiimba juu ya "Chemirocha", ndilo jina la Jimmie Rodgers lilivyotamkwa na wenyeji. Kwa hiyo, tusidhani tunazungumza habari za wageni watupu.

Bei iliyoandikwa kwenye jina

Mwaka 1932 gitaa la kwanza la umeme la aina hii liliingia sokoni, lile la Rickenbacker lililobuniwa na George Beauchamp. Kwa umbo lake la mviringo na shingo ndefu, watu waliliita "kikaango". Tukumbuke kwamba gitaa la umeme, ambalo leo tunaliona kila mahali, lilianza kama gitaa la kulazwa mapajani.

Kampuni ya Gibson nayo haikukawia. Mwaka 1936 ilikuwa ikiuza gitaa liitwalo EH-150. Herufi hizo zilisimama kwa gitaa la umeme la Hawaii, na namba ilikuwa ndiyo bei: gitaa pamoja na amplifaya yake, karibu dola 150. Lilikuwepo pia EH-100 kwa wa mfuko mdogo, na baadaye EH-185 kwa mwenye nacho. Mnunuzi hakuwa na haja ya kuuliza bei. Jina la chombo lilimwambia. Na sisi wanakwaya hatuwezi kuipita namba 150 bila kuikumbuka Zaburi ya 150, ambayo inataja tarumbeta, kinanda, kinubi, matari, zeze, filimbi na matoazi, na haitaji bei ya hata kimoja.

Lakini je, dola 150 ilikuwa pesa kidogo au nyingi? Mwalimu hawezi kukubali tarakimu bila kuipima. Mwaka 1938 sheria ya Marekani iliweka mshahara wa chini kuwa senti 25 kwa saa, kwa wiki ya saa 44. Hiyo ni dola 11 kwa wiki. Kwa mshahara huo, gitaa la dola 150 ni saa 600 za kazi, karibu wiki 14, mtu asile, asilipe kodi ya nyumba, wala asitoe sadaka. Tena sheria hiyo iliwaacha nje vibarua wa mashambani na watumishi wa nyumbani, na kazi hizo ndizo zilizofanywa na Wamarekani Weusi wengi wa kusini. Kwao wiki zilikuwa nyingi zaidi.

Sasa tazama upande wa kinanda. Mwaka 1935 Hammond walitoa kinanda cha umeme kilichouzwa karibu dola 1,250. Kwa hesabu ileile, hizo ni saa 5,000, zaidi ya miaka miwili ya kazi. Na kinanda kikubwa cha mabomba? Cha kanisa la Rockefeller, katika Chuo Kikuu cha Chicago, kilitajwa kuwa cha dola 75,000. Mtu wa mshahara wa chini angefanya kazi zaidi ya miaka 130. Hata Methusela angeona ni muda.

Kinanda hicho cha mabomba kilikuwa na kisa chake. Hammond walipotangaza kwamba kinanda chao chaweza kulinganishwa na cha mabomba, walishtakiwa mbele ya tume ya serikali inayosimamia biashara. Mwaka 1937 vinanda viwili vikapigwa kwa zamu katika kanisa hilo la Chicago, na wasikilizaji, wanamuziki na wanafunzi, wakaambiwa wataje ni kipi kinacholia. Walikosea mara nyingi, na wanamuziki pia hawakupona. Tume iliwakataza Hammond baadhi ya maneno yao ya kujisifu, lakini kinanda chao kiliendelea kuitwa kinanda. Masikio ya watu yalikuwa yameshuhudia kwamba bei na sauti haviendi sambamba kila mara.

Kanisa lililochagua kilichowezekana

Mwaka 1903 mwanamke mmoja mhubiri, Mary Magdalena Tate, alianzisha kanisa la Wamarekani Weusi ambalo wengi hulijua kwa jina la House of God. Baada ya kifo chake mwaka 1930, kanisa liligawanyika katika matawi, mawili kati yake yakiitwa Keith Dominion na Jewell Dominion. Lilikuwa kanisa la watu wa kipato cha chini, wenye kuimba kwa nguvu na kucheza mbele za Bwana.

Katika miaka ya 1930, kijana wa Philadelphia aitwaye Troman Eason alijifunza gitaa la Hawaii kwa mwalimu mzaliwa wa visiwa hivyo, akalipeleka kanisani. Mdogo wake Willie, aliyezaliwa mwaka 1921, alijifunza kwa kusikiliza. Lakini Willie hakutaka muziki wa pwani na mawimbi. Alichukua uzi mmoja akaufuatisha na sauti za waimbaji wa kanisa: pale mama anapovuta neno, pale mzee anapotetemesha sauti, pale mhubiri anapokatiza. Watu wakaliita gitaa lake "gitaa linalosema". Alisafiri na mikutano ya injili hadi Florida, akapiga makanisani na kwenye kona za barabara. Shemeji yake, Henry Nelson, akaendeleza mtindo huo katika Keith Dominion. Katika Jewell Dominion, Lorenzo Harrison akajenga wa kwake.

Hivyo gitaa likakaa mahali ambapo katika makanisa mengine hukaa kinanda. Linaongoza wimbo, linamsindikiza mhubiri, linajaza kimya cha maombi. Bei ilichangia: kanisa dogo lisiloweza kuota kinanda liliweza kupata gitaa na amplifaya, na mpigaji akavibeba mwenyewe hadi kanisa la jirani. Lakini bei peke yake isingetosha. Gitaa lilidumu kwa sababu akina Eason walilifundisha lugha ya kanisa lao.

Pedali zikaja, na bei ikapanda

Baadaye mafundi waliongeza miguu na pedali. Mwaka 1948 fundi Paul Bigsby alimjengea Speedy West gitaa la pedali, na mwanzoni mwa mwaka 1954 Wamarekani walisikia kwenye redio Bud Isaacs akibadilisha sauti ya nyuzi kwa mguu wakati bado zinalia. Kila mpigaji akataka pedali. Mjini Nashville, Shot Jackson na Buddy Emmons walianzisha Sho-Bud, na baadaye yakaja magitaa ya Emmons.

Ukiliangalia gitaa hili kwa chini utaelewa kwa nini si rahisi. Kila pedali inavuta fimbo, kila fimbo inavuta uzi wake, na uzi lazima urudi mahali pake bila kupotoka. Shingo moja ina nyuzi 10, shingo mbili zina 20. Ongeza pedali na nyenzo za kusukumwa kwa magoti, na kila kimoja kinaongeza kazi ya fundi. Ndiyo maana viwanda vilitengeneza pia magitaa ya wanafunzi, yenye shingo moja na pedali chache, kwa bei ya chini. Katika miaka ya 1970, gitaa jipya la mpigaji wa kazi, lenye shingo mbili, lilipita dola 1,000.

Wengi husikia dola 1,000 wakashtuka. Hebu tuipime tena. Mwaka 1974 mshahara wa chini Marekani ulikuwa dola 2 kwa saa, na mwaka huo watumishi wa nyumbani nao wakaingizwa kwenye sheria. Dola 1,000 ni saa 500. Kwa jasho, gitaa la pedali halikuwa mbali sana na lile la dola 150 la mwaka 1936. Tarakimu ilikuwa imeruka, mzigo ulikuwa uleule.

Ni katika miaka hiyo vijana wa House of God, akiwemo Chuck Campbell, walipoingiza pedali ibadani. Mwaka 1997 ilitoka albamu ya Sacred Steel, na dunia ya nje ikajua kilichokuwa kikipigwa kanisani humo kwa karibu miaka 60.

Neno kwetu

Bwana wetu alifundisha kwamba anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Nimekuwa katibu wa kuhesabu. Lakini nina jambo la kuungama katika kijitabu hiki. Miaka kadhaa iliyopita, kijana mmoja wa kwaya alikuja na gitaa la zamani la marehemu babu yake, akaomba apige nasi. Kamati ilisema gitaa hilo halifai kusimama mbele ya watu, asubiri tutakaponunua vyombo vizuri. Mimi ndiye niliyeandika neno "imeahirishwa". Hakusubiri. Aliondoka kwaya, na kinanda tulichomwambia asubiri hakikununuliwa mwaka ule wala uliofuata.

Leo tunachanga kwa ajili ya kinanda cha Jubilii, nami nitachanga. Ndugu, mama na baba zetu, naomba tuchange kwa moyo. Ila naomba pia fungu dogo la mchango huo liende kwa masomo ya vijana watatu au wanne, kwa vyombo tulivyo navyo sasa, hata kama vimechakaa. Willie Eason hakupewa chombo cha bei kubwa wala mwalimu wa kulipwa. Alipewa nafasi ya kukaa mbele na kupiga.

Na wewe kijana uliyeondoka na gitaa la babu, kama kijitabu hiki kitakufikia: mazoezi bado ni Jumatano jioni na Jumamosi alasiri. Njoo nalo.