Sheria ya Magnitsky: Nani Ameshika Mpini?

Utotoni mwangu neno vikwazo lilipotajwa redioni lilikuwa na maana moja: nchi nzima kutengwa, kama Afrika Kusini ya makaburu. Siku hizi kuna vikwazo vinavyomlenga mtu kwa jina lake. Hunyimwa viza, na fedha zake zilizomo katika benki za nchi iliyomwekea vikwazo huzuiwa. Juma hili tuangalie vilikoanzia.

Mjini Moscow, Sergei Magnitsky, mshauri wa mambo ya kodi, aliwatuhumu maofisa wa Urusi kwa kushiriki kuiba dola milioni 230 za hazina ya nchi yao, kwa njia ya madai ya uongo ya kurudishiwa kodi. Novemba 2008 alikamatwa yeye, si aliowataja. Baada ya siku 358 mahabusu, tarehe 16 Novemba 2009, alifariki akiwa na miaka 37, ugonjwa wake haujapata tiba ya maana. Mwaka 2013 mahakama ya Moscow ilimtia hatiani kwa kukwepa kodi, naye yumo kaburini!

William Browder, mfanyabiashara aliyekuwa mteja wake, aliwaendea wabunge wa Marekani. Desemba 2012 Rais Barack Obama alitia saini sheria yenye jina la marehemu. Mwezi haujaisha, Urusi ikawapiga marufuku Wamarekani kuasili watoto wa Kirusi. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na safari hii nyasi zilikuwa mayatima.

Mwaka 2016 Marekani ilipitisha sheria nyingine ya aina hiyo, inayogusa dunia nzima. Kanada ilifuata mwaka 2017 na sheria yake. Uingereza na Umoja wa Ulaya waliweka utaratibu wao mwaka 2020.

Katika orodha ya kwanza ya sheria hiyo ya pili, Desemba 2017, alikuwemo mfanyabiashara wa Israeli, Dan Gertler. Wizara ya Fedha ya Marekani ilisema kwamba kati ya 2010 na 2012 Kongo ilipoteza zaidi ya dola bilioni 1.36, kwa sababu migodi iliuzwa kwa bei ya chini kwa kampuni zilizohusishwa naye. Gertler alikana kutenda kosa. Januari 2021, serikali ya Marekani iliyokuwa ikiondoka madarakani ilimlegezea vikwazo kimyakimya. Machi, serikali mpya ikavirudisha. Wananchi wa Kolwezi, wanaoishi juu ya madini hayo, hawakuulizwa mara zote mbili.

Julai 2025 sheria hiyohiyo ilimwangukia Alexandre de Moraes, jaji wa Brazil aliyekuwa akisimamia kesi ya rais wa zamani, Jair Bolsonaro. Sheria iliyozaliwa na kifo cha mtu aliyenyimwa haki ikawa fimbo ya kumchapia jaji.

Mimi siipingi sheria hii. Mwizi wa mali ya umma akikosa mahali pa kuficha fedha, ni faida kwetu. Lakini kisu hiki mpini wake uko mikononi mwa wengine, nao hukata na kuacha kukata wapendavyo. Dawa ya kudumu ni mwizi wetu kumwogopa hakimu wetu. Siku hiyo hatutakuwa na haja ya kusubiri orodha kutoka Washington.