Upimaji wa msongo kazini nchini Japani

Upimaji wa msongo kazini ni utaratibu wa kisheria wa Japani unaomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi mahali pamoja kuwapa dodoso la afya ya akili kila mwaka. Ulianza Desemba 2015, kufuatia marekebisho ya 2014 ya sheria ya usalama na afya kazini, baada ya miaka mingi ya vifo na kujiua kulikohusishwa na kazi kupita kiasi. Dodoso linalopendekezwa na serikali lina maswali 57, yakiwemo ya mzigo wa kazi, usingizi, uchovu na msaada wa wakubwa. Mfanyakazi halazimishwi kujibu. Matokeo hupewa yeye mwenyewe; mwajiri hayaoni bila ridhaa yake, na hiyo ndiyo nguzo ya utaratibu mzima. Aliyeelemewa anaweza kuomba kuonana na daktari, kisha mwajiri, kwa ushauri wa daktari huyo, akampunguzia saa za kazi.