Soketi: kusoma au kupokea?

Soketi ni ncha ya mawasiliano ambayo mfumo endeshi huipa programu ili iwasiliane na programu nyingine, iwe ndani ya kompyuta hiyohiyo au ng'ambo ya mtandao. Mtindo uliozoeleka leo ulienea kupitia Unix ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, toleo la 4.2BSD la mwaka 1983. Lugha za skripti kama Perl, Python na Ruby ziliurithi. Kiswahili kimelitohoa neno lenyewe, na hakuna tatizo: fundi umeme ana soketi yake ukutani, mwandishi wa programu ana yake, na muktadha huzitenganisha.

Tatizo liko kwenye kitenzi. Tukisema "kusoma soketi", mwanafunzi hudhani ni sawa na kusoma faili. Katika Python amri yenyewe ni recv, yaani pokea. Ukiandika recv(1024) huagizi baiti 1024, unaweka kikomo tu. Unaweza kupewa 1024, 300 au hata moja, kwa sababu TCP, itifaki ya kusafirisha data mtandaoni, hubeba mtiririko wa baiti, si ujumbe mmojammoja. Ni kama maji ya bomba: hayaonyeshi yalimiminwa kwa ndoo ngapi.

Tuseme seva imetuma mstari "SALIO 25000". Upande wa pili, recv ya kwanza yaweza kuleta "SALIO 25" na ya pili "000". Programu isiyo makini itatangaza salio la shilingi 25.

Dawa ni kukubaliana mpaka wa ujumbe: ama alama ya mwisho wa mstari, ama urefu wa ujumbe utangulie. Kisha unapokea kwa kurudiarudia, ukikusanya baiti mpaka ujumbe utimie, ndipo uzigeuze kuwa maandishi. Ukiharakisha, herufi ya Kiarabu, ambayo katika usimbaji wa UTF-8 huchukua baiti mbili, inaweza kukatwa katikati na programu ikagoma.

Recv ikirudi mkono mtupu, maana yake upande wa pili umefunga. Usipolikagua hilo, programu itazunguka bila kikomo. Ukimya ni jambo jingine: hapo recv husubiri tu, na settimeout ndiyo huwekea subira hiyo mwisho.

Kwa hiyo, katika vitabu vya kufundishia tuandike "kupokea kutoka kwenye soketi". "Kusoma" tuliachie ujumbe uliokwisha kutimia.